Doa la Nne

Naomba ifahamike tangu mwanzo kwamba nilichora matatu. Si manne. Mawili kwenye unyayo wa kushoto wa Babu na moja kwenye unyayo wa kulia, karibu na kisigino, yote kwa kalamu ile nyeusi tunayoandikia namba kwenye sare za bweni ili zisitembee zenyewe kutoka kambani. Kazi niliifanya mchana kweupe, nimepiga magoti mbele ya kochi, ulimi nje, huku mwenye nyayo akikoroma kama cherehani iliyokosa mafuta.

Nilikuwa na sababu za msingi. Shangazi yangu ni daktari wa ngozi, na anayeishi na daktari wa ngozi hawezi kunyoosha mkono kuomba chumvi bila kugeuzwa kiganja. Ana darubini ya ngozi, kioo cha duara kinachoenea mkononi, chenye taa pembeni, ambacho hukipachika kwenye simu na kukilaza juu ya doa lolote asiloliamini. Fundi bomba alikuja kuziba koki ya jikoni. Aliondoka na barua ya kwenda hospitali, na koki inavuja hadi leo. Nilitaka, walau mara moja katika historia ya familia yetu, darubini ile iingizwe mjini, idanganywe na wino.

Mtu pekee ndani ya nyumba ambaye hakuwahi kukaguliwa ni baba mzazi wa Shangazi, yaani Babu. Mganga hajigangi, wanasema, na inaelekea hagangi hata anayelala chumba cha pili. Babu ni fundi viatu. Hufanya kazi barazani, juu ya mkeka, miguu mitupu, na badala ya jiliwa la chuma hukibana kiatu katikati ya nyayo zake mbili huku mikono ikitoboa kwa msharasi na kuvuta uzi wa nta. Kwa hiyo nyayo zake hubeba rangi ya kila kiatu kilichopita mtaani. Hakuna anayeshangaa kuona doa kwenye nyayo za Babu, kama ambavyo hakuna anayeshangaa kuona unga kwenye nyusi za mwenye mashine ya kusaga. Mimi mwenyewe, nilipofika kisigino cha kulia, nilikuta doa la kahawia limenitangulia, kubwa kama ukucha wa kidole gumba, kingo zimepindapinda kama ramani ya nchi inayogombana na majirani wote. Rangi ya viatu, nikasema. Nikaishukuru kwa kuanza kazi kabla yangu, nikachora langu pembeni yake, yakakaa bega kwa bega.

Shangazi alirudi kutoka kazini saa kumi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la korido, mahali ambapo kwa mujibu wa mipango yangu ningecheka hadi nianguke. Aliingia, akasema "Jamani mmeshindaje," akaona unyayo wa kushoto wa baba yake umening'inia nje ya kochi, na mkoba ukamtoka mkononi.

Hakupiga kelele. Alipiga magoti palepale nilipopiga mimi, akatoa chupa ya jeli, akatia tone kwenye doa la kwanza, akalaza kioo. Sijawahi kuona Shangazi akiacha mkoba sakafuni, na kwa kweli sehemu ile ya kuanguka kwa kicheko haikuja kabisa.

Akatazama. Akapumua. Kisha akasema, bila kugeuka, "Wewe mtoto, toka kwenye pazia."

Nikatoka.

"Tazama hapa. Unaona nini?"

Kwenye simu, ngozi ya Babu ilikuwa imegeuka shamba. Mistari mirefu imelala sambamba, mmoja umeinuka, mmoja umezama, na wino wangu umekaa kwenye iliyozama.

"Mistari," nikasema.

"Ngozi ya unyayo imelimwa. Ina matuta na mifereji. Wino ni maji, unatafuta mfereji. Na madoa mengi ya kawaida ya unyayo nayo hukaa mferejini. Wauguzi wangu nawafundisha hivi: rangi ikikaa mferejini, tulia. Ikipanda juu ya tuta, usitulie. Wewe umenipa ya mferejini, ahsante sana." Akafunga kofia ya kioo. "Sasa niambie. Kabla sijawasha hii taa, unadhani niliona nini?"

Nimeandika barua za kujieleza kumi na moja tangu nijiunge na bweni, nyingine zikasomwa mbele ya gwaride kwa ubora wa lugha. Siku ile nilitazama tu wino kwenye vidole vyangu.

Babu akaamka. "Kuna nini? Nani kaleta kiatu?"

"Mjukuu wako kakuchora, Baba."

"Kanichora vizuri?"

"Ufute," Shangazi akaniambia, akaokota mkoba. "Simu yako lete. Na kuanzia kesho unakwenda na mimi kliniki, unafuta mabenchi mpaka shule ifunguliwe."

Mguu wa kulia hakuufikia. Nataka hilo nalo lifahamike.

Nilifuta kwa spiriti na pamba. Wino ule ukikutana na spiriti hugeuka zambarau, na zambarau hiyo huondoka kwa shida. Kwenye mifereji hubaki nyuzi nyembamba kama za kushonea. Mawili ya kushoto yakaenda. La kulia likaenda. Jirani yake hakwenda. Nikaongeza spiriti. Nikatumia sabuni ya kufulia, halafu brashi. Mwisho nikachukua kutoka rafu ya Babu ile dawa yake ya kuvulia rangi, ambayo kiatu cheusi hukigeuza cha kahawia kabla hujamaliza kupiga chafya. Nikatia tone. Nikasugua. Pamba ikatoka nyeupe.

Babu akavuta mguu.

"Inatosha, Mheshimiwa," akasema. Ananiita Mheshimiwa kwa sababu naongea kama nafungua daraja.

"Babu, hii rangi haitoki."

"Ni rangi kongwe."

"Ya kiatu cha nani?"

"Cha marehemu."

"Babu."

Akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Lina miaka miwili. Lilianza kama punje ya mtama. Haliumi, haliwashi, halinisumbui. Basi na wewe usilisumbue."

"Shangazi alitazame tu. Ni kioo, hakina meno."

"Kioo hakina, ila anayeshika kioo ana kisu. Kinyozi wa kona ile alitazamwa kidole, wakarudi wakakata mguu. Mimi nikikatwa mguu, kiatu nitabana na nini? Meno?" Kisha akatabasamu, na lilikuwa tabasamu la mtu aliyekuwa mtundu miaka hamsini kabla yangu. "Na ukimwambia shangazi yako, nitasema umelichora wewe. Tuone nani ataaminiwa."

Niliwahi kutega ndoo juu ya mlango wa matroni. Niliwahi kulitangazia bweni zima kwamba mtihani umeahirishwa. Nilidhani najua kutega. Nilikuwa nacheza utotoni.

Pamoja na hayo nilimwambia Shangazi. Kesho yake, kliniki, kati ya benchi la tatu na la nne. "Shangazi, lile la kisigino cha kulia sikulichora mimi."

"Umeanza."

"Nilichora matatu. Yapo manne. La nne halitoki hata kwa dawa ya viatu."

"Wino wa sare naujua, nami nilisoma bweni, haukutoka hata kwa maombi." Hakuinua macho kwenye faili. "Ngozi ya baba yangu siyo daftari lako la mazoezi. Ukinitania tena juu yake, nitampigia baba yako simu."

Hata hivyo jioni, mezani, alimuuliza. Nampa haki yake, alimuuliza. "Baba, kisigino chako kina nini?"

Babu akatafuna, akameza, akanielekezea kijiko. "Muulize msanii."

Shangazi akanitazama kwa namna ambayo chakula kiligeuka karatasi mdomoni. Babu, yule mzee wa watu, akanikonyeza.

Kuanzia hapo sikukaa. Nikikaa, goti linacheza lenyewe. Nikisimama, nakwenda dirishani. Nikifika dirishani, sijui nimefuata nini. Nilifuta mabenchi ya kliniki hadi wagonjwa wakawa wanateleza. Shangazi alikuwa anaondoka Jumapili ya wiki iliyofuata kwenda masomoni nje kwa miezi mitatu. Doa lilitoka punje ya mtama hadi ukucha wa gumba kwa miaka miwili. Hesabu si somo langu, lakini nilikaa barazani nikihesabu miezi mitatu ni punje ngapi. Babu alikuwa ameketi mbele yangu, amebana kiatu cha shule, anapiga mluzi, na kila alipouvuta uzi kisigino kile kilinigeukia na kunitazama kama jicho.

"Mheshimiwa, kaa chini. Unanichosha."

"Nimekaa."

"Umekaa kama kuku anayetaka kutaga kwa jirani."

Kliniki nilijifunza jambo moja. Kila Ijumaa Shangazi anafundisha wauguzi. Anawasha projekta, anaweka picha alizopiga kwa darubini, hazina majina wala nyuso, ni ngozi tupu, na wao wanatakiwa kusema haraka: mfereji au tuta, tulia au usitulie. Nilimwona mara ya kwanza nikiwa na ndoo mlangoni. Mbele ya picha hizo hakuwa shangazi wa mtu. Hakuuliza nani kasema nini wala nani alidanganya lini. Alitazama mistari.

Ndipo nikaelewa kosa langu. Nilikuwa nampelekea maneno, na maneno yangu yalikwisha kuoza zamani. Nilihitaji alitazame lile doa kama daktari, bila kujua ni la nani wala limepitia mikono ya nani.

Alhamisi iliyofuata, tuliporudi kutoka kliniki, tulimkuta Babu amelala kwenye kochi. Shangazi akaingia kuoga. Darubini na simu ya kliniki vilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa kwenye kiti, na mimi ndiye niliyepewa kazi rasmi ya kuvifuta na kuvichaji. Kwa hiyo, kisheria, sikuiba. Nilipiga magoti mahali petu pa kawaida. Nikatia jeli. Nikalaza kioo kwenye kisigino cha kulia, nikazuia pumzi, nikatazama.

Nilitamani nione rangi mferejini. Naapa nilitamani niaibike.

Rangi ilikuwa juu ya matuta. Mistari mipana ya kahawia, mmoja baada ya mwingine, mahali pengine imekolea kuwa nyeusi, mahali pengine imefifia kuwa kijivu, na katikati ya kila mstari vitundu vyeupe vya jasho vimepangana kama shanga. Pembeni ya picha, mle mferejini, zilibaki nyuzi chache za zambarau. Zangu.

Nikabonyeza. Babu akajigeuza. "Mheshimiwa?"

"Nafuta wino, Babu. Lala."

Ijumaa nilipangiwa kupanga viti na kuwasha kompyuta. Picha za somo zilikuwa ishirini na nne. Zikawa ishirini na tano. Yangu niliipa namba kumi na saba, nikaisukuma katikati ya wenzake kama mtoro anayeingia mstarini baada ya majina kuitwa. Kisha nikakaa nyuma kabisa, mikono chini ya mapaja ili isicheze.

Wauguzi walikuwa sita. Picha ya kwanza, mfereji, tulia. Ya pili, ya tatu. Kwenye ya tisa muuguzi mwenye miwani akasema tuta, ikawa mfereji, mwenzake mrefu akamwambia, "Wewe ungekata mtaa mzima," wakacheka, na Shangazi naye akacheka. Ya kumi na tano. Ya kumi na sita niliisikia kama mtu anayesikia maji yakijaa masikioni.

Ya kumi na saba.

"Haya," Shangazi akasema. "Mfereji au tuta?"

"Mfereji," akasema mwenye miwani.

"Una uhakika? Tafuta vitundu vya jasho kwanza." Alisogea ukutani na rula. "Vitundu vya jasho hukaa juu ya tuta siku zote, havijui pengine. Hivi hapa, vyeupe. Viko ndani ya mstari wenye rangi au nje?"

"Ndani."

"Basi rangi iko wapi?"

"Tutani."

"Tutani. Na rangi si moja, na kingo hazieleweki. Huyu humwambii arudi baada ya miezi sita. Huyu unamshika mkono unampeleka mwenyewe, leo, doa likakatwe likapimwe, maana saratani ya unyayo huanza hivi hivi, bila kuuma, na mwenyewe akidhani ni uchafu." Akainamisha kichwa kuitazama tena. "Huyu simkumbuki. Tulimpeleka huyu?"

Mwenye miwani akapekua daftari lake. Wauguzi wakatazamana.

"Nauliza. Huyu mgonjwa ni wa nani? Amepelekwa?"

Rula yake ilikuwa bado ukutani. Nikaiona ikishuka taratibu, ikapita matuta, ikafika pembeni ya picha, ikasimama juu ya nyuzi za zambarau. Akaisogelea. Akazitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama doa lenyewe. Muuguzi mrefu akasema, "Hiyo nayo ni nini, Daktari?"

"Wino," Shangazi akasema. Sauti yake ilikuwa imebaki ndogo sana. "Wino wa kuandikia sare."

Akageuka. Akanitafuta nyuma ya vichwa sita mpaka akanipata.

"Ulichora mangapi?"

"Matatu, Shangazi."

Somo liliishia hapo. Wauguzi hawakuambiwa mwisho wake, na mwenye miwani hadi leo akiniona ananiuliza picha kumi na nane hadi ishirini na tano zilikuwa za nini.

Tulikwenda nyumbani kwa miguu kwa sababu Shangazi hakuweza kusubiri chochote chenye magurudumu. Alikuwa mbele, mimi nakimbia nyuma na mkoba. Njiani alisema mara moja tu, bila kugeuka, "Nilipaswa kuuliza mangapi siku ileile." Nikahamishia mkoba bega jingine, nikaendelea kukimbia.

Babu alikuwa barazani, kiatu katikati ya nyayo. Alituona, akaona nani yuko mbele na mwendo gani, akajua. Lakini fundi hafi bila kujaribu.

"Kachora huyo," akasema, hata kabla ya salamu.

"Wino haujui kupanda tutani, Baba," Shangazi akasema. Akaketi kwenye mkeka, na koti lake jeupe, akakitoa kile kiatu taratibu, akauchukua mguu wa kulia akauweka mapajani mwake. "Nimelisoma mbele ya darasa zima kabla sijajua ni lako. Usinidanganye tena, nimechoka."

Babu akatazama barabarani. "Wataukata?"

"Watakata doa."

"Leo unasema doa."

"Baba. Mimi nitakuwa chumba kilekile. Mtu akigusa zaidi ya tulichokubaliana, nitamng'ata."

Babu akanitazama mimi. Nilitegemea lawama. "Na wewe Mheshimiwa," akasema, "umeniuza kwa picha."

"Ndiyo, Babu."

"Picha ilitoka vizuri?"

"Ilitoka vizuri."

"Basi."

Shangazi aliahirisha safari. Jumatatu doa lilikatwa lote, na kipande cha ngozi inayolizunguka, likapelekwa maabara kwenye kichupa chenye karatasi ya jina. Majibu siku kumi na mbili. Sitaki kuzieleza siku hizo zaidi ya kusema kwamba Babu, aliyekatazwa kukanyaga, alishona na kufumua kandambili moja mara nne. Shangazi alikagua wapita njia wote wa mtaa wetu. Nami nilifagia baraza mpaka jirani akauliza kama tunatafuta msingi wa nyumba.

Siku ya kumi na mbili Shangazi alirudi mapema. Alisimama mlangoni akaisoma karatasi kwa sauti ya taarifa ya habari, maana nadhani kwa sauti nyingine asingefika mwisho. Ilikuwa saratani. Ilikuwa bado juu juu, kwenye tabaka la kwanza la ngozi, haijazamisha mzizi. Imetoka yote. Kila miezi mitatu, kutazamwa, miguu yote miwili, bila majadiliano.

Kisha akaenda jikoni, akafungua ile koki inayovuja, akaiacha ikimwagika muda mrefu. Hatukumfuata.

Babu alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya mto, kisigino kimefungwa bandeji nyeupe safi. Akainama kwangu. "Ile kalamu yako unayo?"

"Babu, hapana."

"Ninayo haki. Mguu ni wangu."

Nikampa. Akajipinda kwa shida, akachora katikati ya bandeji doa moja jeusi, kubwa, la duara, akarudisha kalamu na kufumba macho kama marehemu.

Shangazi akatoka jikoni akijifuta uso kwa ncha ya kanga. Akaliona. Nikangoja kishindo. Alifungua mkoba, akatoa darubini, akapiga magoti, akalaza kioo juu ya bandeji, akatazama kwa makini yote ya kazi yake.

"Wino," akasema. "Tulia, Baba."

Babu akacheka hadi mguu ukamuuma. Shangazi hakucheka. Alikuwa amekwisha kuushika mguu wa kushoto, anaufungua kidole kwa kidole, taa inawaka. Alipomaliza akanigeukia mimi, bado yuko magotini.

"Na wewe. Vua viatu."

Nikavua.